Pesa ya Wakili Isisubiri Rufaa

"Kesi ya talaka naanza mwenyewe, pesa ya wakili naiweka kwa ajili ya rufaa." Wiki hii nimeisikia mara tatu, na inaniuma, maana wengi wanaoisema wameshafika pabaya.

Rufaa si kesi mpya. Jaji anasoma mwenendo wa shauri: nani alisema nini, vielelezo gani vilipokelewa. Usichokitoa chini, juu hukiongezi hivi hivi. Mama mmoja alinijia na hukumu mkononi na bahasha ya kaki imejaa risiti za bati na saruji, pamoja na daftari la kikoba alikokopa kumalizia nyumba. "Hizi hakimu aliziona?" "Hakuniuliza." Siku ya ushahidi bahasha ile ingekuwa nguzo ya madai yake.

Kama uwezo wako ni wa hatua moja, mlete wakili mwanzoni. Apange vielelezo na mashahidi. Aikague Fomu Namba 3 ya Baraza la Usuluhishi, chombo kinachojaribu kuwapatanisha wanandoa kabla ya mahakama, aone kama inasema wazi kuwa usuluhishi umeshindikana. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinataka mpite barazani, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Nimeona mashauri yaliyosikilizwa hadi hukumu yakibatilishwa kwa kasoro hiyo tu.

"Wakili ni kesi nzima au basi." Hapana. Mlipe aandike maombi tu, au akusimamie kwenye mgawanyo wa mali tu. Ila andikianeni kazi inapoanzia na inapoishia. Jina lake chini ya "imeandaliwa na" halimaanishi atahudhuria. Usipotokea, shauri lako linaweza kufutwa.

"Msaidizi wa kisheria atanisimamia." Atakuelekeza vizuri sana, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haimruhusu kukuwakilisha mahakamani.

"Nyumba ina jina la mume wangu, sina changu." Jamani! Tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Ila mchango huo lazima uuthibitishe. Jirani aliyekuona ukiwapikia mafundi na kusomba maji ya kujengea, jina lake liwe kwenye orodha ya mashahidi kabla hujafungua shauri.