Mwenye Bastola Akiugua Sonona, Silaha Ilale Wapi?

Likitokea tukio la risasi Nyamagana au Ilemela, hapa jijini Mwanza, vijiweni hukumu hutolewa siku hiyo hiyo: "Yule alikuwa kichaa." Kisha hufuata rai kwamba wenye maradhi ya akili waandikwe wote, wanyimwe silaha, mambo yaishe. Rai hiyo inawatwika lawama watu wasiomdhuru yeyote, na hatari yenyewe inabaki ndani ya nyumba.

Wengi wenye maradhi ya akili hawamshambulii mtu. Nchini Marekani, ambako raia wana bunduki nyingi kuliko nchi yoyote, watafiti wamekadiria kuwa ukatili unaotokana na ugonjwa wa akili ni kama asilimia 4 tu. Ulevi, tabia ya kupiga na vitisho kwa mwenza ndivyo vya kuogopwa zaidi. Ila mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi huko, na kati yao 26,328 walijiua. Zaidi ya nusu. Hapo ndipo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na silaha hukutana: anayeumia ni mwenye silaha mwenyewe.

Hamu ya kufa hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya dakika au saa chache. Katika kila watu kumi walionusurika baada ya kujaribu kujiua, kama tisa hawafi baadaye kwa kujiua. Risasi haimpi mtu nafasi hiyo. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliamua askari waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, na vifo vya kujiua vikapungua kwa karibu asilimia 40.

Hapa kwetu Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwombaji huchunguzwa kabla ya kumilikishwa. Ni jambo jema, lakini uchunguzi huona hali ya siku ile. Mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba amemilikishwa bastola akiwa mzima; miaka sita baadaye mtaji umekatika, halali usiku, anakunywa kila jioni. Karatasi zake haziwezi kujua hayo. Anayejua ni mke, mtoto mkubwa, au mwenzake wa kazini.

Akianza kusema amekuwa mzigo, kugawa vitu vyake, kuaga watu, au kuitoa silaha kila mara bila sababu, muulize waziwazi: "Baba Neema, unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo, mara nyingi humpa ahueni. Akikubali, asiachwe peke yake, na silaha itoke siku hiyo hiyo.

Asiibebe yeye, wala usiibebe wewe: kutembea na silaha usiyomilikishwa ni kosa, hata nia ikiwa njema. Piga 112 au mfuate mkuu wa kituo, waje kuichukua. Dai maandishi ya makabidhiano yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Ikilazimika kulala usiku mmoja, ifungiwe kwenye kabati la chuma, risasi zifungiwe kwingine, funguo zote zilale nyumba nyingine. Chini ya godoro si maficho. Mwenye godoro anapajua.

Kuondoa risasi ni kazi ya aliyefunzwa, na hata yeye hukosea mpangilio. Magazini, yaani kasha la risasi, hutoka kwanza, ndipo slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, ivutwe nyuma. Ukianza na slaidi, risasi nyingine hupanda chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa. Tena magazini ikiwa mkononi bastola si tupu bado: moja huweza kubaki chemba, na hiyo imeua wengi waliodhani wamemaliza. Mtutu uelekee udongo, usielekee jiwe. Nyumba nyingi za vilimani Mwanza zimekaa juu ya miamba, na mwamba huirusha risasi upande usioutarajia.

Gobole, bunduki ya kienyeji, liacheni kabisa. Baruti yake hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, kwa hiyo hakuna pa kuchungulia, na kutoa fataki inayoiwasha hakuondoi baruti iliyo ndani. Kwa asiye na kibali, Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, vitumieni.

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya, au hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Ushauri wa afya hupatikana bure kwa namba 199. Dawa za sonona huanza kusaidia baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, na nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujatulia. Kwa hiyo kulala vizuri siku tatu si sababu ya kuirudisha bastola. Daktari aulizwe kwanza.

Kinachozifunga familia mdomo ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Ghana ilifuta kosa la namna hiyo mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Kenya ikalitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Nasi tunapaswa kulifuta, maana linawatisha wale wale tunaotaka waje mapema. Lakini kosa hilo ni la kujaribu. Kumwambia polisi kwamba mumeo ana huzuni nzito na hutaki silaha ibaki nyumbani si kumshtaki.