Shindano la Insha la Kampuni ya Mawakili: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Nchini Marekani kampuni nyingi za mawakili, hasa zile zinazowatetea majeruhi wa ajali za magari, hutangaza shindano la insha kuhusu usalama barabarani na kumwahidi mshindi fedha za masomo ya chuo. Wengi hudhani kwamba huo ni utapeli, kwa kuwa haiwaingii akilini wakili agawe fedha bure. Kwa hakika hagawi bure. Tangazo la shindano, lenye kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya kampuni, likiwekwa kwenye tovuti za vyuo, mitambo ya utafutaji kama Google huweza kuipa tovuti hiyo uzito zaidi, na mtu aliyeumia anapotafuta wakili huikuta mapema. Kujitangaza kwa namna hiyo peke yake hakuifanyi tuzo kuwa ya uongo. Dalili ya utapeli ni kudaiwa malipo ya kuomba au namba ya kadi ya benki, jambo ambalo Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, huwaonya wanafunzi na wazazi kulihusu.

Wapo pia wanaoamini kwamba ni lazima mshiriki awe anasomea sheria. Mara nyingi sivyo, na kusoma masharti kunatosha kumaliza shaka.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba hashindi ila aliyefiwa au kunusurika katika ajali. Simulizi ya msiba huvuta moyo, lakini mada ikiuliza jinsi ya kupunguza ajali, msiba si jibu. Isitoshe, mshiriki ambaye ajali yake bado iko mahakamani anapaswa kumuuliza wakili wake kabla ya kuandika lolote, kwa sababu masharti ya mashindano mengi huiruhusu kampuni kuichapisha insha, na maelezo yaliyochapishwa yanaweza kutumiwa na upande wa pili.

Wengine hufungua insha kwa kudai kwamba asilimia 94 ya ajali husababishwa na makosa ya madereva. Takwimu hiyo ilitoka katika ripoti fupi ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2015 kutokana na ajali zilizochunguzwa kati ya 2005 na 2007. Ripoti ilihesabu tukio la mwisho katika mlolongo unaozaa ajali, na yenyewe ikatahadharisha kwamba tukio hilo lisichukuliwe kuwa ndicho chanzo wala kuwa hukumu dhidi ya dereva. Dereva akimgonga mtembea kwa miguu usiku, kwenye barabara ya njia sita isiyo na taa wala kivuko, tukio la mwisho laweza kuandikwa kwa jina lake, ilhali barabara yenyewe ilikwisha kuiandaa ajali hiyo. Kwa maoni yangu, mwandishi anayeliona hilo amewatangulia wenzake wengi kabla hata ya kufika aya ya pili.

Vivyo hivyo, anayependekeza kwamba dereva aongee na simu bila kuishika, kana kwamba hapo hatari imekwisha, husahau kwamba mikono ikiwa huru akili bado iko kwenye mazungumzo.

Kuhusu fedha zenyewe, si kweli kwamba zote huwa nyongeza halisi. Kwa mwanafunzi anayesomea shahada, sehemu inayolipa ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, lakini inayolipa malazi na chakula huhesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi. Zaidi ya hayo, chuo chaweza kupunguza msaada wake kwa kuwa mwanafunzi amepata fedha kutoka nje ya chuo. Jimbo la Maryland lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvizuia vyuo vya umma kufanya hivyo, isipokuwa katika hali maalumu. Kwingineko, ofisi ya misaada ya fedha ya chuo ndiyo ya kuulizwa, na heri iulizwe kabla hundi haijafika.