Melanizimu kwa nyoka garta: namna ya kumtambua mweusi wa kweli

Nyoka garta wa kawaida, Thamnophis sirtalis, ndiye anayeonekana zaidi bustanini na kando ya vijito mashariki mwa Marekani na Kanada. Kwa kawaida ana mistari mitatu ya manjano au kijani kibichi hafifu: mmoja katikati ya mgongo, na mmoja kila ubavu. Melanizimu ni hali ya kuzaliwa ambapo ngozi hutengeneza melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, nyingi kiasi cha kumeza mistari yote. Anayebaki ni nyoka mweusi tii, mara nyingi mwenye kidevu na koo jeupe.

Weusi hawa hawatawanyiki sawasawa. Wanapatikana kwa wingi kuzunguka Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada, hasa kwenye rasi ya mchanga ya Long Point huko Ontario, kwenye visiwa vya magharibi mwa ziwa na katika pwani ya Ohio. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya joto. Nyoka mweusi hupata moto haraka akiota jua, na hilo ni faida mahali ambapo ziwa baridi huchelewesha majira ya kuchipua. Gharama yake ni kwamba huonekana kirahisi na ndege wawindaji, kwa maana mistari humsaidia mwenzake kupotea machoni akikimbia majanini. Kwa hiyo weusi na wenye mistari huendelea kuishi pamoja, wakipandana bila ubaguzi.

Urithi wake ni rahisi. Majaribio ya uzalishaji yaliyochapishwa mwaka 1941 yalionyesha kuwa weusi huu unatokana na jeni moja inayojificha: mtoto huwa mweusi akiipata kwa mama na kwa baba pia. Wazazi wawili wenye mistari, kila mmoja akiwa ameibeba kimyakimya, hutarajiwa kuzaa takriban robo ya watoto weusi. Weusi wawili huzaa weusi watupu. Garta hatagi mayai, huzaa watoto hai, na aliye mweusi huwa mweusi tangu siku ya kwanza. Hawi mweusi polepole kwa uzee.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuhesabu kila garta mwenye rangi iliyokolea kuwa wa melanizimu. Nyoka anayekaribia kujivua ngozi hufifia, macho yakawa na ukungu wa samawati. Mpe wiki moja au mbili umwone tena. Matope nayo huficha mistari. Wako pia wenye mistari hafifu mno. Mtazame akiwa amejaa hewa kwa hofu: magamba yakitanuka, garta wa kawaida huonyesha vidoa vyeupe au vya manjano kwenye ngozi iliyo kati ya magamba, hata kama mistari haionekani. Mweusi wa kweli hana vidoa hivyo.

Swali gumu zaidi ni kama huyo mweusi ni garta kweli. Rangi ikishaondoka, ushahidi unabaki kwenye magamba. Anza na mgongo. Kila gamba la garta lina mkuku, yaani ukingo mwembamba unaopita katikati kwa urefu, na kwa sababu hiyo mwili hauakisi mwanga vizuri. Nyoka mkimbiaji, Coluber constrictor, ana magamba laini yanayong'aa. Kidevu cheupe hakitakusaidia hapa, kwani naye anacho.

Kisha geuza macho tumboni, kwenye gamba la mwisho linalofunika tundu la kutolea uchafu. Kwa garta ni gamba moja zima. Kwa mkimbiaji, kwa nyoka wa maji Nerodia sipedon, kwa nyoka wa panya Pantherophis na kwa Heterodon mwenye pua iliyobenuka juu, limegawanyika mara mbili kwa mstari wa mshazari. Alama hii peke yake huondoa karibu wote wanaochanganywa na garta mweusi.

Karibu wote, kwa maana massasauga, nyoka mwenye njuga na sumu anayeishi pia Ontario na Ohio, ana mikuku na gamba moja zima vilevile, na wako massasauga weusi. Kwa hiyo kabla ya magamba yote, kichwa hutazamwa kwanza, kwa mbali: mboni iliyosimama wima, kishimo kati ya jicho na pua, njuga mkiani. Garta ana mboni ya duara na mkia mwembamba unaochongoka. Ukiona mboni wima, kazi imekwisha, rudi nyuma.

Idadi ya safu za magamba ndiyo hakimu wa mwisho. Hesabu katikati ya mwili: anza na gamba la kwanza juu ya gamba pana la tumbo, panda kwa mshazari hadi uti wa mgongo, kisha shuka upande wa pili. Garta huwa na 19. Mkimbiaji ana 17, nyoka wa maji kati ya 21 na 25, na nyoka wa panya ana 25 au zaidi. Makosa ya kawaida ni mawili: kuhesabu gamba la tumbo kama safu, na kuhesabu karibu na mkia, ambako safu za garta hupungua hadi 17 na kukufanya udhani ni mkimbiaji. Ukipata namba shufwa katikati ya mwili, rudia, kwa sababu safu ya uti wa mgongo iko peke yake.

Umri husaidia kuliko watu wanavyodhani. Watoto wa mkimbiaji, wa nyoka wa panya na wa nyoka wa maji huzaliwa na mabaka au pingili, na huwa weusi baadaye. Nyoka mdogo wa sentimita 20 mwenye mikuku, mweusi mwili mzima na koo jeupe, karibu hakika ni garta.

Si lazima umshike. Akishikwa hutoa majimaji yenye uvundo usiotoka mikononi upesi, na mkimbiaji wa samawati wa kisiwa cha Pelee, ndani ya Ziwa Erie, yumo hatarini nchini Kanada, hivyo kosa la utambuzi laweza kuwa kosa la kisheria. Ngozi iliyovuliwa hubakiza mikuku, safu na lile gamba la tundu. Usipime urefu wake tu, maana hutanuka. Na mbinu hizi zisihamishiwe Afrika Mashariki: huko mweusi anayeng'aa anaweza kuwa swila, na hakuna safu inayostahili kuhesabiwa kwa mkono.

Ukiwa na simu tu, piga picha tatu: kichwa kwa ubavu, katikati ya mwili kwa karibu, na sehemu ya chini kuanzia tumboni hadi mkiani akiwa anapanda kioo au jiwe. Hii ya tatu ndiyo hukosekana mara nyingi, nayo ndiyo inayoonyesha gamba la tundu.