Je, mhamiaji Marekani hupewa wakili wa bure?

Wahamiaji wengi nchini Marekani huamini kwamba wakikamatwa na maofisa wa uhamiaji, serikali itawapa wakili bila malipo. Imani hii haikuzuka hewani: tangu 1963, mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo hupewa wakili. Lakini kesi ya kuondolewa nchini huhesabiwa kuwa ya madai. Sheria ya shirikisho, sura ya 8, kifungu cha 1362, inakuruhusu kuwa na wakili, ila si kwa gharama ya serikali. Kisome mwenyewe mtandaoni. Ni kifupi sana.

Kwa hiyo tafuta wakili mapema. Mahakama za uhamiaji hutoa orodha ya watoa msaada wa kisheria wa bure, jimbo kwa jimbo. Kariri namba ya simu ya mmoja wao, maana kizuizini hutabaki na simu yako mkononi. Mwachie ndugu unayemwamini namba yako ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A; bila hiyo atahangaika sana kukutafuta na kufuatilia kesi. Na kabla ya kumlipa mtu, hakikisha jina lake limo kwenye sajili ya mawakili ya jimbo. Anayethibitisha saini na kugonga mihuri si lazima awe wakili.