Mwingiliano wa kiishara: maana hutoka wapi?

Mtu anainua kiganja cha mkono. Darasani, anaomba kusema. Akiwa askari katikati ya barabara, anaamuru magari yasimame. Mahakamani anakula kiapo, na ng'ambo ya barabara, rafiki akimwona, ni salamu. Mkono ni uleule, misuli inayouinua ni ileile. Ukiuchunguza mkono peke yake hutaiona hata moja kati ya maana hizo nne, kwa sababu zimo baina ya anayeinua na wanaomwona.

Hapo ndipo inapoanzia dhana ya mwingiliano wa kiishara katika elimu ya jamii. Inasema kwamba watu huishi ndani ya maana walizozitengeneza wao kwa wao, kwa kuzungumza, kutazamana na kuitikiana kila siku. Ishara hapa ni chochote kinachosimama badala ya kitu kingine: neno, pete, bendera, hata noti ya fedha, ambayo ingebaki karatasi tu kama hakuna mtu wa kuipokea.

Mzizi wake ni George Herbert Mead, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1894 hadi alipofariki mwaka 1931. Kitabu chake kinachotajwa zaidi kilichapishwa 1934, na sehemu kubwa kilitokana na yale ambayo wanafunzi waliyanakili wakimsikiliza. Mead alianza na mbwa wawili wanaotaka kupigana. Mmoja akionyesha meno, mwingine hurudi nyuma au hujiweka tayari, na kila tendo linazaa tendo. Lakini mbwa hajiulizi mwenzake atamwelewaje. Mtu anayepiga kelele “Moto!” anajisikia mwenyewe pia, na neno lile linaamsha ndani yake jambo lilelile linaloamka kwa wengine. Kwa Mead, uwezo huo wa kujiweka mahali pa mwenzako ndio unaotufanya tuwe watu wenye nafsi.

Mtazame mtoto anayejifunza kutembea. Anajikwaa, anakaa chini kwa kishindo, halafu kwa sekunde moja au mbili hafanyi kitu. Anautafuta uso wa mama. Mama akishtuka na kumkimbilia, kilio kinaanza. Akitabasamu na kumwambia “haya, inuka,” mara nyingi mtoto anainuka na kuendelea na safari yake. Sisemi kwamba maumivu ni ya kubuni. Magoti yanauma kweli. Ila kama lile anguko ni msiba au ni sehemu ya mchezo, hilo linaamuliwa na wawili.

Jina lenyewe, mwingiliano wa kiishara, lilitolewa na Herbert Blumer, mwanafunzi wa Mead, mwaka 1937. Baadaye, mwaka 1969, aliiweka nadharia hii wazi: tunavitendea vitu kulingana na maana vilivyo nayo kwetu, maana hiyo huzaliwa katika kuhusiana na wenzetu, na kila mara tunaitafsiri na kuirekebisha kadiri mambo yanavyokwenda. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Fikiria ujumbe wa simu wenye neno moja: “Sawa.” Aliyeandika alikuwa na mikono yenye povu la sabuni, akajibu upesi. Aliyepokea anausoma mara tatu, anaona ubaridi, naye anajibu, “Haya basi.” Yule wa kwanza anajiuliza amekosa nini, ananyamaza. Ukimya wake unasomwa kama kiburi. Kufikia usiku wamegombana, na ugomvi ni wa kweli ingawa asubuhi hakuna aliyekuwa na hasira.

Mwaka 1928 William na Dorothy Thomas, wataalamu wa elimu ya jamii, waliandika kwamba watu wakiichukulia hali fulani kuwa ya kweli, matokeo yake huwa ya kweli. Wateja wakiamini benki inafilisika, wote wakakimbilia kutoa fedha zao siku moja, hata benki iliyokuwa imara inaweza kuanguka.

Wakosoaji husema nadharia hii huangalia sana watu wawili wanaozungumza na kuwasahau wenye mamlaka. Naona wana haki kwa kiasi kikubwa, kwa sababu hatukai mezani tukiwa sawa tunapoelewana maana. Mwalimu akimwita mtoto mzembe, mtoto anaweza kukataa moyoni, lakini neno la mwalimu ndilo linaloandikwa kwenye ripoti, ndilo mzazi analolisoma, na ndilo mwalimu wa mwaka unaofuata atakaloingia nalo darasani. Mtoto akichelewa kujibu siku ya kwanza kwa sababu bado anafikiri, kuna mtu ambaye tayari anajua kuchelewa kule kuna maana gani.