Kuoka chungu si kukausha udongo

Chukua vyungu viwili vilivyofinyangwa kwa udongo uleule na mkono uleule. Kimoja kimeanikwa juani mpaka kikakauka kau, cha pili kimepita motoni. Vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Cha kwanza kitatoa viputo, kingo zake zitalainika na kumeguka, na mwisho kitabaki tope chini ya ndoo. Cha pili kitakaa humo hata mwaka.

Sisi tunaofanya kazi ya kupima udongo maabara huambiwa mara nyingi kwamba cha pili "kimekauka zaidi". Sivyo. Na kosa hili huwatia wafinyanzi hasara, maana anayeamini kwamba kuoka ni kukausha huzima moto mapema akidhani kazi imekwisha.

Tuutazame udongo mweupe unaochimbwa katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Huo ni kaolini, na madini yake makuu huitwa kaolinaiti. Ndani yake atomu zimepangwa kwa tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. Kila chapati ina pande mbili. Upande mmoja ni wa silikoni, na kila silikoni imezungukwa na oksijeni 4. Upande wa pili ni wa aluminiamu, ambayo kila moja ina majirani 6, wote oksijeni. Kati ya hao 6, wanne wamebeba hidrojeni. Udongo ukilowa, maji huingia kati ya vipande hivyo vidogo vikateleza, ndiyo maana unafinyangika.

Maji hayo ya kulowesha hutoka chungu kikianikwa juani, na yanayobaki huisha moto ukipita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi. Zile hidrojeni, hata hivyo, ziko palepale. Huanza kung'oka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi: oksijeni mbili zenye hidrojeni hukutana, moja huchukua hidrojeni ya mwenzake na kutoka kama mvuke, nyingine hubaki. Weka gramu 100 za kaolinaiti safi, iliyokwisha kukaushwa kabisa, upashe moto kupita hapo; mizani itasoma takriban gramu 86. Gramu 14 za maji zimetoka kwenye kitu kilichokuwa kikavu!

Aluminiamu iliyokuwa na majirani 6 sasa imepungukiwa. Baadhi hubaki na 4, baadhi 5, wachache bado 6. Chapati zimekunjamana, na kitu kipya kimezaliwa kiitwacho metakaolini. Kwa miaka mingi hatua hii iliwasumbua wataalamu, kwa sababu eksirei huonyesha vizuri atomu zilizojipanga kwa safu, lakini kwa metakaolini iliwapa kilima kimoja kipana tu kwenye chati. Katika miaka ya 1980, kipimo kinachotumia sumaku, ndugu wa mashine ya MRI ya hospitali, kiliiona ile aluminiamu yenye majirani 5.

Kwangu hii ndiyo hatua tamu kuliko zote. Aluminiamu yenye majirani 5 haijatulia, iko tayari kuungana na kingine. Saga metakaolini, changanya na chokaa na maji, itashika na kuwa ngumu; ndiyo maana hutumika kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Lakini ukiuchoma udongo huohuo mpaka nyuzi 1,000, umeiharibu kwa kazi hiyo. Karibu na nyuzi 980 atomu hujipanga upya kwa ghafla na kutoa joto lake zenyewe. Silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, hujitenga, na fuwele ndogo ndogo mpya, vipande ambavyo atomu zake zimejipanga kwa safu, huanza kuota. Ni fuwele zipi hasa hutangulia, wataalamu wamebishana kwa miongo mingi.

Kupita nyuzi 1,200 hukua mulaiti, fuwele zenye umbo la sindano zilizopewa jina la kisiwa cha Mull, Uskoti. Sindano hizi husukana ndani ya kauri na kuipa nguvu. Zimo kwenye matofali ya tanuri na kwenye vile vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya za umeme juu ya nguzo.

Chungu kilichochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, kama wanavyofanya akina mama wafinyanzi wa Ikombe kwenye Ziwa Nyasa, kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Kimevuka hatua ya metakaolini, ndiyo maana hakirudi kuwa tope, lakini hakijafika kwenye mulaiti, na vitundu vyake havijazibwa. Hilo si upungufu. Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoa jasho kupitia vitundu hivyo.

Kinachotakiwa ni moto uwe umefika mpaka ndani. Wengi huvunja kigae na wakiona mstari mweusi katikati husema hakijaiva. Weusi huo ni kaboni iliyokosa hewa ya kuungua, na udongo wake huenda umeshabadilika kabisa. Kiloweke kigae hicho usiku kucha, kisha asubuhi sugua pale palipovunjika kwa kidole gumba. Kidole kikitoka na tope, hidrojeni bado zimo.