Je, wajua kwa nini mche wa nyanya hugeuka manjano hata ukiwa umeshiba mbolea?

Tanga mjini, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, watu wengi huotesha nyanya, pilipili na bilinganya barazani au pembeni mwa dirisha. Huko kuku na mbuzi hawafiki, mvua ya masika hailazi miche, na inzi weupe ni wachache kuliko shambani. Mbegu huota vizuri ndani ya siku 5 hadi 10. Inapofika wiki ya tatu majani yanapauka, yanakuwa manjano, na mche unadumaa.

Mwenye miche akiuliza, karibu kila mara hujibiwa hivi: mche una njaa, utie yuria. Mara nyingi jibu hilo si sahihi, na likifuatwa huua miche ambayo ingepona kwa kunyimwa maji siku mbili tatu tu.

Tuanze na hesabu. Yuria ina naitrojeni asilimia 46, na kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 hivi. Udongo unaojaza kikombe cha plastiki cha mililita 200 hushika maji yasiyozidi mililita 100. Gramu 4 zikiyeyuka humo ni sawa na gramu 40 kwa lita, wakati mche mchanga unataka chini ya gramu 1. Myeyusho mzito hivyo huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza. Zaidi ya hapo, yuria inapovunjwavunjwa na bakteria hutoa amonia, na kwenye udongo wenye chokaa sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo hubaki kuwa gesi inayounguza mizizi. Siku chache baadaye kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia, na mwenye mche anadhani njaa imezidi. Anaongeza kijiko kingine.

Rangi ya manjano maana yake ni kwamba umbijani, ile kemikali ya kijani inayonasa mwanga, ama hautengenezwi ama unabomolewa. Kila molekuli ya umbijani ina atomu moja ya magnesiamu katikati, imezungukwa na atomu nne za naitrojeni. Chuma hakimo ndani yake kabisa, lakini bila chuma mmea hauwezi kuujenga. Kwa hiyo manjano inaweza kutokana na upungufu wa naitrojeni, wa magnesiamu, wa chuma, au, kama tutakavyoona, mizizi kushindwa kufyonza kitu chochote. Swali la kwanza la kujiuliza ni jani lipi lilianza.

Mchukulie mtu anayejenga nyumba mpya kwenye kiwanja chenye nyumba yake ya zamani. Vifaa vikimwishia, atapanda juu ya ile ya zamani, ang'oe mabati, afungue milango na madirisha, na kuvihamishia kwenye nyumba mpya. Nyumba mpya itaendelea kupanda. Ya zamani ndiyo itakayobaki wazi. Lakini kama kilichoisha ni nondo, hana la kufanya. Nyumba ya zamani imejaa nondo, ila zimo ndani ya zege na hazichomoki. Hapo ya zamani itabaki nzima na mpya ndiyo itakayokwama. Mpita njia asiyejua lolote juu ya fedha za mwenye kiwanja anaweza kujua kilichokosekana kwa kutazama tu ni nyumba ipi iliyopungua.

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni mabati ya mmea. Zikipungua, mche huzivuta kutoka majani ya chini na kuzipeleka kwenye kichipukizi. Chuma na kalsiamu ni nondo. Zikishajengwa ndani ya jani, hazihami. Salfa na manganizi nazo huhama kwa shida. Basi majani ya chini yakiwa manjano jani zima, mishipa yake pia, na juu kukiwa kijani, naitrojeni imepungua kweli. Majani ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, shuku magnesiamu. Na majani machanga ya juu yakitoka manjano hafifu, karibu meupe, yenye mishipa ya kijani kama wavu, tatizo ni chuma, na yuria haitalisaidia hata kidogo.

Majani mawili ya kwanza kabisa, yale membamba yaliyotoka na mbegu, usiyahesabu. Ni ghala la mche. Yakishahamisha vyote yalivyobeba, hugeuka manjano na kudondoka kati ya wiki ya tatu na ya tano, na hiyo ni afya.

Kipimo hiki cha majani kina mpaka wake. Mizizi ikiwa imezama majini, dalili zote huchanganyika, manjano juu na chini, kwa sababu hakuna kinachopanda. Miche ya ndani huugua hivi kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Mizizi inahitaji oksijeni ili ipate nguvu ya kufyonza madini, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Joto la pwani huzidisha tatizo pande zote mbili. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 miligramu 7.6 tu, wakati huohuo mizizi yenye joto inapumua kwa kasi zaidi. Kiasi cha maji ambacho mche wa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, ungekivumilia kwa siku tatu, wa Tanga mjini utakosa pumzi kwacho mapema zaidi.

Dalili yake ni ya pekee. Udongo ni mbichi, lakini vikonyo vya majani vimeinama kuelekea chini, na ukiligusa jani si tepetepe kama la mche wenye kiu. Mizizi iliyokosa hewa hupeleka juu kemikali ambayo majani huigeuza kuwa gesi ya ethilini, na ethilini hufanya upande wa juu wa kikonyo ukue haraka kuliko wa chini. Mche haukulegea, umejipinda wenyewe kwa kukua. Ni kiu ya uongo, na wengi huijibu kwa kumwagilia tena.

Ukitaka uhakika, geuza kikombe kiganjani na utoe udongo wote kama ulivyo. Mizizi myeupe, migumu kidogo, ni mizima. Ya kahawia, inayochunika ukiivuta na kunuka kama tope la mtaro, imeoza. Tiba ni kuacha kumwagilia hadi sentimita 2 za juu zikauke. Kisha jifunze uzito: nyanyua kikombe kilicholoweshwa sasa hivi, nyanyua kikavu, na baada ya hapo mkono utakuambia. Toboa matundu 4 hadi 6 chini ya kila kikombe, yenye upana wa milimita 5. Ukimwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, halafu baada ya dakika 20 mwaga yaliyotuama kwenye sahani. Kokoto zinazowekwa chini ya kikombe eti zipitishe maji hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto kubwa hadi udongo wa juu yake ujae, kwa hiyo kokoto huinua tu ile sehemu iliyolowa na kuileta karibu zaidi na mizizi.

Sababu ya pili ni ya kipwani hasa, nayo ni maji ya kisima. Ukanda huu wa Tanga umekalia mawe ya chokaa na ya matumbawe. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya chokaa hiyohiyo. Maji yanayokaa ndani ya mawe hayo hubeba bikaboneti, chumvi itokanayo na chokaa iliyoyeyuka. Shambani mvua huisafisha. Ndani ya kikombe cha mililita 200, kila ukimwagilia unaacha kidogo, na baada ya wiki tatu nne pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, imepanda kutoka 6.5, inayoipendeza nyanya, hadi kupita 7.5. Kwa kila hatua moja ya pH inayopanda, chuma kinachoweza kuyeyuka majini hupungua karibu mara elfu moja. Udongo una chuma tele, pengine ni mwekundu kwa sababu ya chuma hichohicho, lakini mche haukipati.

Maji ya bomba ya mji huu hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Usikisie yako ni ya aina gani. Angalia ndani ya birika: ganda jeupe gumu ni ushahidi wa maji mazito, yaani yenye chokaa nyingi. Chukua pia udongo mkavu kijiko kimoja, udondoshee siki. Ukichemka kwa mapovu, una chokaa.

Dawa bora ni maji ya mvua, na vuli ikianza Oktoba pipa moja chini ya bati hutosha trei nyingi. Usipokuwa nayo, nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu yaliyochujwa kwa lita moja ya maji mazito hupunguza sehemu ya bikaboneti. Usizidishe, na usitegemee hilo pekee, kwani bakteria wa udongo hula asidi ya ndimu na nguvu yake haidumu. Ukinunua mbolea ya chuma, soma lebo. Chuma kilichofungwa kwa EDTA, kemikali inayokishikilia kisigande udongoni, hushindwa pH ikipita 6.5 hivi, kwenye chokaa kinachofanya kazi ni kile cha kemikali nyingine, EDDHA, chenye rangi nyekundu iliyoiva. Vipande vya misumari yenye kutu vinavyofukiwa kikombeni havitoi chochote: kutu ni chuma kilekile kisichoyeyuka.

Kuna na makumbi. Vumbi la makumbi ya nazi ni kitu kizuri sana cha kuoteshea, jepesi, lenye hewa, na pwani hii linapatikana. Lakini makumbi yanayofukiwa ufukweni ili yaoze kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari. Hata yasiyoguswa na bahari hubeba sodiamu na potasiamu, ambazo huziachia majini na kushika kalsiamu na magnesiamu badala yake, kwa hiyo mche hudumaa huku unalishwa. Yasuuze kwa maji baridi mara tatu au zaidi, hadi kifaa cha kupima chumvi kisisome zaidi ya 0.5 mS/cm juu ya maji uliyosuuzia. Halafu loweka usiku kucha kwenye mbolea ya kalsiamu naitreti, gramu 5 kwa lita, kisha suuza tena. Changanya na mboji iliyoiva, nusu kwa nusu.

Maranda mabichi na samadi isiyooza yana kosa tofauti. Bakteria wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni, nao huwahi kuichukua kabla ya mizizi. Hapa ndipo njaa ya naitrojeni ilipo ya kweli, majani ya chini yanakuwa manjano yote, na hapa mbolea inafaa. Tumia NPK ya kuyeyusha (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), 19-19-19, gramu 1 kwa lita 2 za maji, mara moja kwa wiki. Aliyekwisha kumwaga yuria nyingi na kuona chumvi nyeupe ukingoni mwa kikombe apitishe maji masafi mara tatu ya ujazo wa kikombe, kisha aache pakauke.

Mwanga nao una lake. Mche mrefu, mwembamba, uliopauka mwili mzima na kuinamia dirisha haukosi mbolea, unakosa mwanga. Taa ya LED ya wati 9 iliyowekwa sentimita 10 hadi 15 juu ya miche, saa 14 hadi 16 kwa siku, inatosha kikundi cha vikombe vinne hadi sita. Usiiache ikawaka usiku kucha. Nyanya ni moja ya mimea michache inayougua kwa kukosa giza: ikimulikwa saa 24 mfululizo, majani hutoka mabaka ya manjano na mche hudumaa, hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Mwaka 2014 watafiti nchini Uholanzi walionyesha kwamba nyanya pori zina jeni inayozikinga na madhara hayo, ambayo kwenye nyanya za kulimwa hufanya kazi kwa udhaifu. Mpe mche walau saa 6 za giza.

Kabla ya yote hayo, geuza jani na utazame chini yake. Vidoa vidogo kama vumbi na utando mwembamba ni utitiri. Majani yaliyojikunja kwenda juu, madogo, yenye kingo za manjano, ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Havina tiba. Ng'oa mche huo, ufunge kwenye mfuko na uutoe nyumbani siku hiyohiyo, kabla inzi hawajahamia wa jirani yake. Mche uliolala chini kwa shina kunywea usawa wa udongo una kinyausi, nao hautainuka. Anayeotesha miche ya kuuza, mamia kwa mamia, apeleke udongo wake ukapimwe kwanza. TARI Mlingano, wilayani Muheza, tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ni kituo cha utafiti kilichojulikana kwa muda mrefu kwa kazi ya udongo.

Ukishatibu, usilitazame jani lililokuwa manjano. La chini lililohamishwa naitrojeni yake mara nyingi halirudi, litadondoka. Tazama kichipukizi: majani mawili yanayofuata yakitoka kijani ndani ya siku 7 hadi 10, umelenga. Mche uliodumaa hadi kupita wiki ya saba bila kufikisha majani manne utazaa kwa kuchelewa hata ukipona, na mbegu mpya ikipandwa leo kwenye udongo uliorekebishwa itaupita ndani ya wiki tano.